Kitako cha Nguzo na Hesabu za Kompyuta

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani, siku ya kukutana kwetu shuleni, Tandahimba)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi yangu ya uhandisi katika utumishi wa Serikali. Nimechagua kitu kidogo ambacho wengi hukipita bila kukitazama: mahali nguzo ya chuma inapokutana na zege ya msingi. Pana bamba la chuma lililochomelewa chini ya nguzo, na boliti zilizozamishwa ndani ya zege. Ndicho kitako cha nguzo.

Kwetu jambo hili lina uzito. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, jasho la mkulima hulala ghalani likisubiri mnada. Ghala likianguka, huanguka juu ya mali ya watu na juu ya wapagazi waliomo.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kitako ni kubeba uzito tu. Lakini ghala la mabati ni jepesi, na upepo hulinyanyua kama unavyonyanyua turubai la kuanikia korosho. Tufanye hesabu. Ghala lina upana wa mita 20 na fremu zake ziko mita 6 kwa 6. Basi kila nguzo ina paa la mita 60 za mraba. Upepo wa mita 40 kwa sekunde, milango ikiwa wazi, waweza kuvuta paa juu kwa nguvu ya kilo 100 hivi kwa kila mita ya mraba. Hizo ni tani 6. Uzito wa paa lenyewe ni kama tani 1.2. Zinabaki tani 4.8 zinazotaka kuing'oa nguzo. Mita moja ya ujazo ya zege ina tani 2.4, kwa hiyo msingi unahitaji mita 2 za ujazo ili kulingana tu na upepo huo.

Asiseme mtu kwamba upepo wa namna hiyo ni hadithi. Kimbunga kiliipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kwa kasi ya zaidi ya kilometa 200 kwa saa.

Siku hizi hesabu hizi tunazifanya kwa programu kama Prokon, STAAD.Pro na Robot. Ni msaada mkubwa. Lakini kabla ya kuhesabu, programu inataka uiambie nguzo imeshikwaje chini. Je, imeshikwa kama bawaba ya mlango, iweze kuzunguka kidogo? Au imekazwa kabisa, kama mti uliochimbiwa? Jibu ni kubonyeza mara moja tu. Kompyuta haiendi kuchungulia shimoni kama ni kweli.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosea. Nilisanifu ghala moja nikaiambia kompyuta kwamba vitako vimekazwa. Matokeo yalikuwa mazuri, chuma kikawa chembamba, nami nikafurahia kuokoa fedha. Lakini kwenye mchoro niliweka bamba dogo na boliti nne zilizosongamana katikati, yaani bawaba. Fremu ilikwisha kuchomelewa, mashimo yamechimbwa. Fundi chuma mmoja akalitazama bamba akaniuliza, "Mhandisi, nguzo ikisukumwa ubavuni, ni nini hapa kitakachoizuia isilale?" Sikuwa na jibu.

Nikasimamisha kazi siku kumi na moja. Tulipanua mabamba na kuziachanisha boliti sentimita 30. Hapo mzigo wa boliti ya upande unaovutwa ukafika karibu tani 8, na boliti ya milimita 20 ya chuma cha kawaida huishia kwenye tani 7 hivi. Tukaweka za milimita 24, tukaongeza zege ya msingi. Nililazimika kuwaeleza wakubwa wangu kwa maandishi kwa nini gharama imepanda, na kwamba kosa ni langu. Barua ile ilikuwa nzito kuiandika, lakini ingekuwa nzito zaidi baada ya kimbunga.

Kosa hili si letu peke yetu wala si la leo. Mjini Hartford, Marekani, paa la ukumbi wa michezo lililosanifiwa kwa kompyuta lilianguka chini ya theluji alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978. Saa chache tu kabla yake watu wapatao 5,000 walikuwa ndani wakitazama mpira wa kikapu. Viungo vilivyojengwa havikuzishika pau kama hesabu zilivyodhani. Wakati wa ujenzi paa lilikuwa limeshuka mara mbili ya ilivyohesabiwa, na onyo hilo likapuuzwa.

Vijana, mkifundishwa momenti katika fizikia, msizikariri kwa ajili ya mtihani tu. Hesabu niliyoifanya hapa inaenea nyuma ya daftari, na ingalinitosha kulikamata kosa langu kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Jifunzeni kompyuta, tena kwa bidii. Lakini kwanza fanyeni hesabu ya mkono, kisha mwende mkatazame boliti iko wapi. Na fundi akiuliza swali, msimjibu kwa cheo.