Betri Mbili, Balbu Mbili, Waya Mita Moja
(Maneno ya Kamati ya Elimu kwenye harambee ya mwaka)



Tumepewa dakika tano, na safari hii hatuombi maabara. Tunaomba betri za tochi.

Umeme umeshafika nyumbani, na watoto wa shule yetu ya msingi wanachora sakiti vizuri kabisa daftarini. Lakini mpe mtoto huyo betri, balbu ya tochi na waya, umwambie awashe. Wengi huunganisha waya mmoja tu, kutoka ncha ya betri hadi kitako cha balbu, kisha wanasubiri. Haiwaki. Wana sababu yao: nyumbani wanaona waya mmoja ukishuka kutoka darini, hawajui kwamba ndani ya ganda lake zimo nyaya mbili au tatu.

Hapo ndipo tunapowasihi walimu wasitoe jibu. Mtoto ageuzegeuze, abishane na mwenzake, mpaka aone kwamba balbu ina mahali pawili pa kugusa, kitako na ubavu wa chuma, na kwamba umeme unataka njia ya kwenda na ya kurudi. Ikishawaka, wataanza wenyewe kupima kijiko, msumari, kipande cha ndoo ya plastiki. Kiini cheusi cha penseli nacho hupitisha umeme, ingawa balbu hufifia. (Wazee kadhaa tuliowaeleza hawakukubali mpaka tulipowaonyesha.)

Kuna jambo zito zaidi. Betri moja ni volti 1.5. Soketi ya ukutani ni volti 230, zaidi ya mara 150. Majaribio yote ni ya betri za tochi, soketi haiguswi. Na mtoto aliyeona msumari ukiwasha balbu anaelewa kwa nini haupelekwi kwenye soketi, na kwa nini waya ulioanguka njiani hausogelewi. Kukataza tunakataza kila siku, na wanatusikia kidogo.

Tukichukulia darasa la wanafunzi 48, wakikaa wanne wanne, ni vikundi 12. Kila kikundi kinahitaji betri 2, balbu 2 na waya mwembamba mita 1. Balbu ziwe mbili ili waone tofauti ya kuziunga kwa mfuatano na kwa sambamba. Betri huisha, tena upesi mtoto akiunganisha ncha zake mbili moja kwa moja mpaka waya ukapata moto. Balbu nazo huungua. Mwalimu anayejua kwamba hana wa kumnunulia nyingine atavifungia vifaa kabatini, na hatuwezi kumlaumu. Kwa hiyo tunaomba ahadi ya kila mwaka, si mchango wa mara moja.

Kadi za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya karibu na mlango. Mwenye tochi mbovu nyumbani asiitupe. Swichi yake tunaihitaji.