Aliyetumwa Masomoni Hurudi na Deni



Sisi tuliotumwa Roma kwa muhula mmoja wa masomo tumekwisha kurudi, na tangu hapo tumeulizwa habari za baridi, za chakula na za makanisa makubwa. Maswali hayo ni halali. Lakini liko swali moja lililo zito zaidi: masomo hayo yanamfaa nini Mkristo aliyetuchangia nauli kwa mazao ya shamba lake? Hilo ndilo tunalokusudia kulijibu.

Darasani tulisoma mafundisho ya Kanisa juu ya jamii, tangu Rerum Novarum, waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, hadi Pacem in Terris wa Papa Yohane XXIII wa mwaka 1963. Nyaraka hizo ni hazina. Hata hivyo, somo lililotugusa kuliko yote tulilipata mtaani Trastevere, mjini humo humo.

Mwaka 1968 kijana Andrea Riccardi na wanafunzi wenzake wa sekondari walianzisha jumuiya ya walei, ambayo leo yaitwa Sant'Egidio. Walianza kwa kusali, kusoma Injili na kuwafundisha watoto wa maskini waliokaa vibandani pembezoni mwa mji. Hawakuwa na jeshi wala mali. Lakini nyumbani mwao ndimo serikali ya Msumbiji na chama cha RENAMO, waliokuwa wakipigana, walimokutana kwa mazungumzo kuanzia Julai 1990. Wasuluhishi walikuwa Riccardi, Padre Matteo Zuppi, Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, na Mario Raffaelli kwa niaba ya serikali ya Italia. Tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama walitia sahihi mapatano ya kukomesha vita vya miaka 16. Vita hivyo vilikuwa vya jirani zetu. Wakimbizi wake walivuka mto Ruvuma wakaja kwetu.

Mazungumzo yalichukua miezi 27. Subira ya namna hiyo haifundishwi ubaoni. Hujengwa na watu waliozoea kuketi na maskini na kuwasikiliza.

Je, sisi hatuna jumuiya? Mwaka 1976 Maaskofu wa AMECEA walizipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nafasi ya kwanza katika uchungaji, nasi tunazo kila mtaa. Lakini ni mara ngapi mjane hufukuzwa katika shamba alilolilima na marehemu mumewe, nasi tukasali rozari nyumba ya pili tukisema, "Hayo ni mambo ya ukoo"? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hapa kwetu Tanzania, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Tena, katika Baraza la Ardhi la Kijiji yapasa wajumbe angalau watatu wawe wanawake. Haki hiyo imekwisha kuandikwa. Kinachokosekana ni mtu wa kumsindikiza mjane barazani, na watu wa kuketi na mashemeji zake bila kuchoka.

Tuangalie lakini, usuluhishi usigeuke njia ya kumnyamazisha mnyonge. Amani bila haki ni kidonda kilichofungwa kabla ya kuoshwa.

Kwa hiyo tunapendekeza kila jumuiya ichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye kuaminika kwa pande zote. Sisi tutawafundisha sheria hiyo na mafundisho ya Kanisa, parokiani, bila malipo. Wao watatuletea mashauri yaliyo hai, nasi tutajifunza kwao.

Katika mfano wa talanta, aliyelaumiwa ni yule aliyeifukia ardhini. Elimu hii ni talanta yenu, mliyotukabidhi kwa jasho lenu. Tudaini, ili tusiifukie.