Marhamu ya Mwarobaini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Mmenitaka niseme machache juu ya marhamu ya ngozi iwashayo. Majani ya mwarobaini na yakaushwe kivulini hata yavunjike mkononi. Hapo nilikosa mimi mwenyewe: nilitia majani mabichi, marhamu ikaota ukungu, na mjukuu wangu akazidi kujikuna. Kikombe 1 cha majani makavu kitiwe katika vikombe 2 vya mafuta ya nazi, chombo kikae ndani ya sufuria ya maji ya moto muda wa saa 2. Mafuta yakiisha kuchujwa, yeyusheni humo vijiko vikubwa 4 vya nta ya nyuki. Isipakwe penye kidonda, wala mtoto asiilambe.

Lakini mwasho ukizidi usiku, vipele vikaota katikati ya vidole, na nyumba nzima ikawa yajikuna, huo ni upele, nao ni kazi ya kijidudu kilichojichimbia ngozini. Msiitegemee marhamu hii. Najua watu huona haya kuutaja. Nendeni hospitali, mtibiwe wote siku moja, hata asiyejikuna, na nguo na matandiko yafuliwe kwa maji ya moto.

Kopo nililoleta li mezani. Apendaye na ajipake kidogo mkononi.