MSHAHARA WETU USIWE RUNGU LA WAKUBWA

Maneno aliyoyasema katibu wa tawi mbele ya wanachama, Mukuru kwa Njenga



Nimetakiwa niseme juu ya fedha za kaunti, na ule ubishi wa wakubwa unaozichelewesha. Wengi wetu hapa twafanya kazi ya kaunti: wafagiaji, wauguzi, wapishi wa hospitali. Wengine wako viwandani Industrial Area. Lakini hata wa kiwandani, mkewe akishikwa na uchungu usiku, humpeleka Mama Lucy Kibaki, nayo ni hospitali ya kaunti. Kwa hiyo neno hili ni letu sote.

Kwanza tujue fedha hupita njia gani. Kaunti 47 zilianza kazi mwaka wa 2013. Katiba yasema zisipewe chini ya asilimia 15 ya mapato ya nchi, kwa kufuata hesabu zilizokwisha kukaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Juu ya hapo ni mapatano. Bunge la Taifa na Seneti sharti wakubaliane katika Mswada wa Mgawanyo wa Mapato, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Sasa angalieni tofauti. Serikali kuu ikichelewa kupitishiwa matumizi yake, kifungu cha 222 cha Katiba charuhusu Bunge la Taifa kuifungulia hadi nusu ya makadirio, kazi isisimame. Kaunti hazikuandikiwa mlango kama huo. Ilibidi Mahakama ya Upeo iulizwe, nayo mwezi wa Mei 2020 ikashauri kwamba kaunti nazo zaweza kupewa sehemu huku ubishi ukiendelea.

Hesabuni pamoja nami. Mwaka wa 2019 Seneti ilitaka shilingi bilioni 335, Bunge la Taifa likataka 310. Julai ikapita, Agosti ikapita, na Septemba wakapatana kwa 316.5. Mwaka wa 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano ya vijana, fungu la kaunti la bilioni 400 likaguswa tena. Wakavutana mpaka 387.4. Mwaka wa 2025 Seneti ilisema 465, Bunge la Taifa likasema 405, wakaishia 415. Kila mara hupatana. Lakini wakati wanapovutana, mwenye nyumba hapa Mukuru hangoji Seneti, na daftari la deni dukani halina Kamati ya Upatanishi.

Nataka tuutazame hasa mwaka wa 2020. Maseneta hawakuweza kukubaliana juu ya kipimo cha kugawia kaunti: idadi ya watu ihesabiwe kiasi gani, na ukubwa wa ardhi kiasi gani. Walikaa kikao baada ya kikao. Ndipo Baraza la Magavana likatangaza kwamba kaunti zitafungwa kuanzia tarehe 17 Septemba, hospitali zisilaze wagonjwa wapya, na wafanya kazi waende likizo ya majuma mawili. Hayo yalisemwa wakati wa korona. Siku ile ile ya tarehe 17 Seneti ikapitisha mgawanyo.

Najua mtu ataniambia, “Katibu, basi tishio lilifaa!” Kweli, ndugu yangu, fedha zilitoka, na magavana walikuwa na haki ya kuzidai. Lakini ulizeni: rungu lililoinuliwa lilikuwa la nani? Lilikuwa kazi yetu, na kitanda cha mgonjwa. Sisi tukitaka kugoma, sheria ya mwaka wa 2007 yatutaka tupitie upatanishi, kisha tutoe ilani ya siku 7. Tukigoma twaitwa wakorofi. Mwajiri akifunga milango, huitwa mtetezi wa ugatuzi. Mgomo ni mali ya mfanya kazi. Asituazime mtu bila kutuuliza.

Msidhani mambo haya ni ya Kenya tu. Kule Marekani serikali ilifungwa siku 35, toka Desemba 2018 hata Januari 2019, na watumishi kama 800,000 wakakosa mshahara, wengine wakifanya kazi bure. Mwaka wa 2025 ikafungwa tena siku 43. Wakati wa mara ile ya kwanza watumishi walipata sheria kwamba ofisi zikifunguliwa watalipwa siku zao. Lakini wafagiaji na walinzi walioajiriwa na makontrakta hawakutiwa ndani ya sheria hiyo. Vibarua wa hapa, sikieni neno hilo!

Basi naleta mambo matatu, nanyi mtakata shauri.

La kwanza, halmashauri ya tawi ishike tarehe. Taarifa ya sera ya bajeti hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Tukianza kulia mwezi wa Agosti, tumechelewa.

La pili, tumwandikie Seneta wa Nairobi na Mbunge wa Embakasi Kusini, tukitaka sheria iseme wazi: wakubwa wasipopatana kufikia tarehe 1 Julai, fedha za mishahara na dawa zitoke, wao waendelee kubishana juu ya mengine. Na siku ambazo kibarua amefungiwa nje, ahesabiwe.

La tatu, mwajiri akitangaza kufunga, asichukue mwanachama yeyote bango lake mpaka tawi limekutana. Huenda tukamwunga mkono. Lakini iwe kwa kura yetu, na kwa masharti yetu yaliyoandikwa.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini sisi si nyasi; nyasi hazina kadi ya chama wala hazipigi kura. Mwenyekiti, nauweka mkutano mikononi mwako.