Msimu wa Kufungwa Ndio wa Kulipa Ada



Sisi wa kamati ya fedha tunajua kwamba humu ukumbini kuna Simba na kuna Yanga. Wanasimba watuwie radhi, maana mfano wetu unaanzia Mtaa wa Msimbazi.

Tarehe 6 Mei 2012 Simba waliifunga Yanga 5–0, wakamaliza ligi wakiwa mabingwa. Msimu uliofuata wakawa wa tatu. Uliofuata tena, wa nne. Kisha wa tatu, wa tatu tena, na 2016/17 wa pili: walilingana na Yanga kwa pointi 68, wakazidiwa kwa tofauti ya mabao. Misimu 5 bila ubingwa wa ligi, na Kariakoo mwenye duka Mwanasimba hana pa kujificha; jirani yake wa Yanga anamsubiri mlangoni asubuhi.

Pamoja na utani wote huo, hawakuhama. Mei 2017 wakatwaa Kombe la Shirikisho kwa kuwafunga Mbao FC kule Dodoma, wakarudi mashindano ya Afrika, kisha wakachukua ligi mara 4 mfululizo kuanzia 2017/18. Zamu ya kununa ikawa ya Jangwani. Nao hawakuhama, na 2021/22 kombe likarudi kwao.

Sisi watu wa hesabu tunasoma hapo jambo moja. Mwaka wa ubingwa kila mtu ana jezi. Anayeivusha timu ni yule anayekata tiketi mwaka wa nafasi ya nne.

Ndugu zetu, chama chetu leo kiko nafasi ya nne. Siku ya kuweka jiwe la msingi la zahanati ya nyumbani tulijaza mabasi, tukaimba njia nzima. Sasa kuta zimesimama bila paa, masika inazinyeshea, na mama mwenye uchungu bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku. Michango imepungua. Sababu tunazijua: biashara ni ngumu, na tangu soko kuu liungue Julai 2021 wapo wenzetu ambao hawajasimama sawasawa.

Kwa hiyo hatumtafuti tajiri mmoja wa kutumalizia kazi. Tunaomba ada ya kila mwezi, kwa kadiri ya mfuko wa mtu. Kidogo kinachoingia kila mwezi tunaweza kukipangia. Ahadi kubwa haitununulii bati hata moja. Kila shilingi itakatiwa stakabadhi, na hesabu zitasomwa mbele yenu mkutano ujao, mapato na matumizi, mstari kwa mstari.

Utani wa Simba na Yanga tuendelee nao huko nje. Humu ndani jezi ni moja, na meza ya mweka hazina iko pale mlangoni.