Nani Anaweza Kuishitaki FIFA?

Haya ni maneno niliyozungumza kwenye darasa la vijana Jumamosi iliyopita. Nimeyapanga kidogo na kuondoa kelele za ukumbini. Mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Mwenyekiti, viongozi wa tawi, makamanda wenzangu, habari za mchana.

Mada niliyopewa ni uongozi wa mpira duniani. Najua wengine mmekuja mkitegemea Simba na Yanga. Poleni, hiyo tutaimalizia kwenye chai. Mimi nasoma sheria, kwa hiyo nina swali moja tu la kisheria: ukionewa na FIFA, unaenda wapi?

Kwanza tujue FIFA ni mnyama gani. Wengi tunadhani ni kama Umoja wa Mataifa wa mpira. Siyo. Hakuna nchi iliyosaini mkataba wa kuiunda. Ilianzishwa Paris mwaka 1904 na vyama vya nchi saba za Ulaya, na leo iko Zurich kama chama cha watu binafsi chini ya kifungu cha 60 cha Sheria ya Kiraia ya Uswisi. Kifungu hichohicho ndicho kinachotumiwa na kwaya za vijijini huko. Sasa hii ni kwaya iliyoingiza dola bilioni 7.6 kati ya 2019 na 2022.

Ina wanachama 211, na kila mwanachama ana kura moja kwenye Mkutano Mkuu. Ujerumani moja, Tanzania moja, Montserrat moja, na Montserrat ina watu wachache kuliko kata yoyote ya Temeke. Zanzibar haina. CAF iliipokea Machi 2017, ikaiondoa Julai mwaka huohuo. Hilo linataka darasa lake, naona wenzetu kutoka Visiwani wanatikisa vichwa.

Mimi siidharau hiyo kura moja, ilitusaidia sana. Kombe la Dunia la 1966 lilikuwa na nafasi 16, na bingwa wa Afrika alitakiwa tena apambane na wa Asia kugombea nafasi moja. Bara zima nafasi nusu! Afrika ikasusia. Kombe lililofuata, 1970, tukapewa nafasi kamili na Morocco ikaenda Mexico. Halafu 1974 Frankfurt, Mwingereza Stanley Rous, ambaye alikuwa ameibeba sana Afrika Kusini ya makaburu, akaangushwa na João Havelange wa Brazil kwa kura 68 kwa 52. Kura za Afrika zilimwangusha. Wale wazee walijua kura ni silaha.

Silaha hiyo leo ina bei, na bei yenyewe ni halali kabisa. Kuna mpango unaitwa FIFA Forward ulioanza 2016. Kwa kipindi cha 2023 hadi 2026 kila chama kinaweza kupata hadi dola milioni 8: tano za uendeshaji, tatu za miradi. Wenye hali ngumu wanaongezewa hadi milioni 1.2 za safari na vifaa. Ni pesa nzuri, zinajenga viwanja, vituo vya vijana, ligi za wanawake. Sisemi ni rushwa. Ila jiulizeni, anayeidhinisha mradi wako na anayekuja kukuomba kura wakiwa wamekaa ofisi moja, utasimama kumpinga?

Jibu tuliliona hapa jirani, Kigali, Machi 2023. Gianni Infantino alichaguliwa tena bila mpinzani. Kura hazikupigwa, watu walipiga makofi. Na miezi mitatu kabla, Desemba 2022, Baraza la FIFA lilikuwa limeamua kwamba ile miaka yake ya mwanzo, 2016 hadi 2019, haihesabiki kama muhula kamili. Ukomo ni mihula mitatu, kwa hiyo kwa hesabu hiyo anaweza kukaa mpaka 2031. Na ukomo wenyewe uliwekwa kwenye mageuzi ya 2016, baada ya viongozi kukamatwa hotelini Zurich Mei 2015. Sisi wa nchi hii hesabu za namna hiyo hazitushangazi. Hata mgombea mmoja hatushangai, TFF 2021 pale Tanga alibaki mmoja baada ya mchujo.

Haya, umeona hujatendewa haki. Unaenda wapi?

Katiba ya FIFA inakataza kwenda kwenye mahakama za kawaida. Mgogoro unamalizwa ndani, ukishindikana unaenda CAS, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, Lausanne. FIFA inawataka wanachama wake nao waweke katazo hilo kwenye katiba zao, ndiyo maana mwanachama wa klabu akifungua kesi tu tunatishiwa "FIFA itatufungia". Na serikali yoyote ikigusa uongozi wa chama cha mpira, hiyo inaitwa kuingilia, na adhabu ni kufungiwa.

Kesi ninayoipenda, au niseme inayoniudhi kuliko zote, ni ya Trinidad na Tobago. Novemba 2019 chama chao cha mpira kilifanya uchaguzi, akashinda William Wallace. Machi 2020, hata miezi minne haijaisha, FIFA ikaondoa uongozi wote ikaweka kamati ya mpito. Sababu: madeni. Madeni yalikuwepo kweli, lakini mengi waliyarithi. Wallace na wenzake wakaenda CAS kama katiba inavyotaka. Baadaye wakalalamika kwamba walitakiwa kulipa gharama za awali pamoja na fungu la FIFA, maana FIFA ilikataa kulipa lake. Wakatoka Lausanne, wakaenda Mahakama Kuu ya nchi yao.

Septemba 2020 FIFA ikaifungia nchi, kesi ikiwa bado iko mahakamani. Oktoba 13, Jaji Carol Gobin akatoa hukumu upande wa Wallace. Hoja yake kubwa tuielewe: chama kile kiliundwa kwa sheria ya Bunge, na chama binafsi cha Uswisi hakiwezi kwa barua tu kufuta kilichowekwa na Bunge. Mimi nikisoma hapo nilipiga meza. Siku kumi baadaye Mahakama ya Rufani ikapindua, ikasema walipaswa kubaki CAS. Mwezi uliofuata FIFA ikafungua nchi.

Inawezekana Mahakama ya Rufani ilikuwa sahihi kwa sheria ya mikataba. Ulisaini usuluhishi, nenda kwenye usuluhishi. Nakubali hoja hiyo mpaka nusu. Usuluhishi una maana pale pande mbili zinapokubaliana kwa hiari. Trinidad ingekataa kusaini, ingecheza na nani?

Sasa njooni nyumbani. Novemba 2021 Waziri wa Michezo wa Kenya, Amina Mohamed, alivunja uongozi wa FKF kwa tuhuma za matumizi ya pesa, akaweka kamati yake. Mwezi huohuo Tume ya Michezo ya Zimbabwe ikasimamisha bodi ya ZIFA. Kati ya tuhuma zake kulikuwa na waamuzi wanawake kunyanyaswa kingono. Februari 24, 2022, FIFA ikazifungia nchi zote mbili siku moja. Kenya ilikaa nje mpaka Novemba 2022, Zimbabwe mpaka Julai 2023. Zote zikatolewa kwenye kufuzu AFCON 2023. Mwezi huo wa Februari Harambee Starlets walitakiwa kucheza na Uganda kufuzu AFCON ya wanawake. Katika vurugu hizo mechi haikuchezwa, Uganda ikapita. Hao mabinti hawakuiba hata mpira.

Na hapa kuna jambo la kuumiza kichwa: Septemba 2022, Zimbabwe ikiwa bado kifungoni, kamati ya maadili ya FIFA yenyewe ilimfungia afisa mmoja wa kamati ya waamuzi ya ZIFA miaka mitano kwa kuwanyanyasa kingono waamuzi wanawake. Yaani tuhuma ile haikuwa ya kutunga.

Msinielewe vibaya. Sitaki waziri aendeshe mpira. Sisi wa upinzani tuwe wa mwisho kutamani hilo, tunajua waziri akipata ufunguo wa ofisi haurudishi. Waziri wa Kenya alikosea njia hata kama pesa kweli zililiwa.

Lakini linganisheni na Hispania. Aprili 2024, baada ya kashfa juu ya kashfa, serikali ya Hispania iliunda kamati ya kulisimamia shirikisho la mpira na kumweka Vicente del Bosque kuiongoza. FIFA na UEFA zikatoa tamko la wasiwasi. Hispania haikufungiwa. Julai wakabeba kombe la Ulaya. Wakili wa FIFA angeniambia kesi ni tofauti: Kenya walivunja, Hispania walisimamia kwa juu tu. Sawa, tofauti ipo. Ila kati ya tamko la wasiwasi na miezi tisa nje ya dunia kuna umbali mrefu mno kuelezwa na tofauti hiyo peke yake.

Na Ulaya wana kitu kingine, wana mahakama. Klabu ndogo ya Ubelgiji, Seraing, iliadhibiwa na FIFA kwa mikataba yake na kampuni ya uwekezaji, ikashindwa CAS, ikang'ang'ana kwenye mahakama za Ubelgiji. Agosti 1, 2025, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema mahakama za nchi wanachama lazima ziwe na uwezo wa kuchunguza kwa kina hukumu za CAS, zione kama zinavunja misingi ya sheria ya Ulaya. Ubelgiji haikufungiwa. Klabu ya mji mdogo imepata kile ambacho Trinidad nzima ilikikosa, kwa sababu nyuma yake kuna nchi 27 zenye mahakama moja.

Sisi je? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha, unaifikia kwa basi. Tanzania iliondoa lile tamko linaloruhusu mwananchi kwenda mwenyewe, Novemba 2019, na mlango ukafungwa mwaka mmoja baadaye. Katikati hapo, Julai 2020, mahakama hiyo ilishasema ibara ya 41(7) ya Katiba yetu, ile inayozuia kupinga matokeo ya urais mahakamani, inakiuka Mkataba wa Afrika. Humu ndani sihitaji kufafanua.

Mlango uliobaki ni Mahakama ya Afrika Mashariki, hapohapo Arusha. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kufungua shauri dhidi ya uamuzi au kitendo cha serikali. FIFA huwezi kuishitaki pale, si nchi. Unaishitaki serikali inayosajili na kutambua chama ambacho katiba yake inamfungia raia mlango wa mahakama. Wakili wa Serikali atasimama aseme chama cha mpira ni chombo binafsi. Tutamjibu kwamba vyama vyote vya michezo nchini vinasajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya 1967, kwa hiyo mkono wa serikali umo. Ni hoja ngumu, naweza kushindwa nayo. Ila ina kasoro moja ya kivitendo: muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kifanyike au ukijue. Huwezi kuanza kutafuta nyaraka siku hiyo.

Tumepewa AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda. Kila anayeuliza swali la pesa ataambiwa anyamaze, atatuharibia mashindano. Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila mmoja wenu atafute katiba ya chama cha mpira cha wilaya au mkoa wake, aangalie kifungu cha migogoro na kifungu cha nani anapiga kura, anipigie picha anitumie. Mpaka sasa ninazo tatu. Mbili zina kurasa zilizopotea.

Karibuni kwa maswali.