Mwalimu na umaskini: tuanzie kwenye mizani na karatasi

Hotuba kwa viongozi, walimu na familia zilizohamishwa, Kindu, Maniema

Wazee wetu, mama zetu, viongozi wa komini za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, nanyi ndugu mliokimbia makwenu:

Tumezoea kusema kwamba mwalimu anapigana na umaskini kwa kufundisha watoto. Ni kweli, lakini matunda yake hungojwa miaka mingi. Familia iliyofika na sufuria moja haiwezi kungoja. Leo nasema juu ya yale ambayo mwalimu anaweza kufanya msimu huu huu.

Kwanza, afundishe hesabu ya soko. Maniema ni nchi ya mpunga. Mama akivuna anauza mpunga wake haraka kwa sababu ana deni, kisha baada ya miezi michache ananunua mchele kwa kopo. Kilo 100 za mpunga, zikikobolewa vizuri, hutoa karibu kilo 60 hadi 65 za mchele. Asiyejua hesabu hiyo anaweza kubadilishiwa kilo 40 na kushukuru. Hata ukitoa malipo ya mashini, amepoteza chakula cha siku nyingi, na hakuna mwizi aliyevunja mlango. Mwalimu mwenye ubao na mizani ya kuazima anaweza kufundisha jambo hili jioni chache tu, wenyeji na wageni kwenye benchi moja: kilo, kopo, faida, na namna ya kuandika madeni katika daftari.

Pili, aandike mapatano ya shamba. Mara nyingi mgeni anaazimwa shamba kwa maneno tu. Mavuno yakiwa mazuri, mwenye shamba anakumbuka nusu, mlimaji anakumbuka robo, na ugomvi wa nyumba mbili unageuka ugomvi wa makabila mawili. Karatasi moja inatosha: mipaka iko wapi, misimu ni mingapi, fungu la kila mmoja ni lipi, na mihogo itakayobaki ardhini ni ya nani. Isomwe kwa sauti mbele ya chifu na mashahidi, na kila upande ubaki na nakala. Mwalimu asiwe hakimu, awe mwandishi.

Tatu, awapokee watoto waliohama. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kukitekeleza. Basi mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya pesa. Akija bila hati, asomeshwe na ahesabishwe kidogo, kisha awekwe katika darasa linalomfaa.

Viongozi, sasa upande wenu. Mwalimu naye ni maskini. Mshahara ukichelewa na nyumbani hakuna chakula, hatafundisha jioni. Kamati ya wazazi ikubaliane: wazazi wamlimie siku chache kila msimu, au kikundi cha likelemba kimtolee fungu dogo, na hesabu isomwe mbele ya wote. Lakini watoto wasitolewe darasani kwenda kulima shamba lake.

Wenyeji wa Kindu, mnajua kukimbia ni nini. Katika vita ya 1998 hadi 2003 treni ilisimama na kwenda shambani kukawa hatari. Mgeni wa leo amekuja na mikono yake. Mkimpa shamba kwa karatasi na mkimpimia kwa mizani ya haki, jasho lake litalisha watoto wenu pia.

Ninaomba jambo moja: kabla ya kupanda, kila mtaa uchague shule moja, mwalimu mmoja na jioni mbili kwa juma. Mizani tutaitafuta pamoja.